Panorama za 360 kwenye tovuti: kata vigae kwanza

Picha kamili ya 360 ya Kit Mikayi, yale mawe yaliyo kando ya barabara ya Kisumu–Bondo, mara nyingi huwa na upana wa pikseli 8192 na kimo cha 4096. Uwiano huo wa 2:1 ndio unaokuambia ni panorama ya ekwirektangula, yaani duara lote la mazingira limetandazwa kwenye mstatili mmoja. Wengi huichukua faili hiyo moja wakaipandisha kwenye seva ilivyo. Hapo ndipo tovuti inapoharibika, na anayeumia ni mtu wa simu ya bei nafuu na bando dogo.

JPEG inaweza kuwa megabaiti 10, lakini ikishafunguliwa ukubwa huo hauna maana tena. Kila pikseli inakula baiti 4 za memori: 8192 × 4096 × 4 ni kama megabaiti 134. Isitoshe, kila simu ina kikomo cha upana wa picha ambayo WebGL (njia ya kivinjari ya kuchora kwa kutumia chipu ya michoro) inaweza kuipokea. Baadhi ya simu, hasa za zamani, hukomea 4096. Kiulize kivinjari chenyewe kwa gl.getParameter(gl.MAX_TEXTURE_SIZE). Kikomo kikipitwa, baadhi ya maktaba hutoa ujumbe wa kosa. Nyingine, kama zile zilizojengwa juu ya three.js (maktaba ya JavaScript ya michoro ya 3D), huipunguza picha na kuacha onyo kwenye konsoli ya kivinjari tu. Unabaki ukilaumu kamera kwa ukungu ambao haikuuleta.

Dawa yake ni vigae, yaani kuikata picha vipande vidogo vinavyopakuliwa kimoja kimoja. Mimi napendelea Pannellum, programu ya kuonyesha panorama ndani ya kivinjari, kwa kazi hii: ni ya bure, ni nyepesi, na inakuja na skripti ya Python inayokata picha. Sakinisha Python 3, Pillow (maktaba ya picha ya Python) na Hugin, programu ya kuunganisha panorama (skripti inatumia nona, programu ndogo iliyo ndani yake), kisha:

python3 generate.py kitmikayi.jpg -o kitmikayi

Inageuza picha kuwa nyuso 6 za mchemraba na kuzikata vipande vya pikseli 512 kwa viwango kadhaa vya ukali. Kwa picha yetu ya 8192, uso mmoja unakuwa na pikseli 2600 kila upande, na jumla ni vigae 300, ambavyo 216 ni vya kiwango cha juu kabisa. Mgeni hupakuliwa vile tu vya upande anaoutazama. Mipangilio yote iko tayari kwenye config.json. Usipandishe faili hizo moja moja kwa FTP. Zifunge kwa zip, zipandishe, uzifungulie kwenye seva.

Panorama ya nusu ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Ukisimama ukingoni mwa Menengai, kreta iko upande mmoja tu, na wengi huipiga kwa kuzungusha simu. Tuseme umepata pikseli 12000 kwa 2500 na umefagia digrii 180. Usipoiambia Pannellum hivyo, itadhani ni duara zima: upana utavutwa mara mbili na kimo karibu mara tano, ukuta wa kreta uonekane mrefu kama mnara. Kwenye mipangilio andika haov (pembe ya upana): 180, na vaov (pembe ya kimo) uipate kwa hesabu: 180 × 2500 ÷ 12000 = 37.5. Picha za namna hii kwa kawaida ni za silinda, si ekwirektangula, lakini kwa kimo kidogo hivi tofauti ni kama digrii moja, usijisumbue. Ongeza avoidShowingBackground: true ili mtu asiburute hadi kwenye weusi. Na picha ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati, la sivyo itabanwa.

Kuhusu upigaji wenyewe: funga mwangaza wa kamera uwe ule ule kwa kila picha. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua la saa sita mchana liko karibu utosini, na kamera ikiachiwa ijiamulie, mishono, yaani mahali picha zinapoungana, itaonekana angani kama mistari.

Kwa vitufe vya kubofya ndani ya panorama, washa hotSpotDebug: true, bofya mahali unapotaka, na konsoli itakuandikia pitch (pembe ya juu-chini) na yaw (pembe ya kushoto-kulia). Kukisia pembe kwa macho ni kupoteza muda.

Skrini ikiwa nyeusi, angalia kwanza kama div, kisanduku cha HTML kinachobeba panorama, ina kimo. Isiyo na kimo haionyeshi kitu. Pili, hakikisha hujafungua ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye diski. Endesha python3 -m http.server. Tatu, kama picha ziko kwenye kikoa kingine, seva hiyo lazima itume Access-Control-Allow-Origin. Hili huwachanganya wengi kwa sababu img ya kawaida inaionyesha picha hiyo hiyo bila tatizo. WebGL ndiyo inayokataa.

Kugeuza mandhari kwa kuinamisha simu kunahitaji HTTPS, na kwenye iPhone tangu iOS 13 ruhusa huombwa baada tu ya mtumiaji kugusa kitufe. Ikiwa programu yako inabadilisha kurasa bila kupakia upya, ita viewer.destroy() kila unapotoka kwenye panorama, kwa sababu Chrome ya kompyuta huruhusu miktadha ya WebGL (kila panorama iliyo wazi hutumia mmoja) kama 16 hivi, kisha huanza kuua ya zamani.