Namna nilivyoipatia orodha kunjuzi upana wake katika fomu ya kupokelea dagaa

Kosa lilijitokeza kwanza katika hesabu za mzigo, kabla sijalitazama kwenye kompyuta. Ofisi ninayoifanyia kazi, karibu na soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, hupokea magunia ya dagaa kutoka mialo mingi ya Ziwa Victoria, na kila mzigo huandikwa katika fomu niliyoitengeneza mwenyewe kwa Microsoft Access, programu ya kuhifadhi taarifa. Mwisho wa mwezi taarifa ikaonyesha kwamba Ukara haikuleta hata gunia moja, ilhali nilikuwa nimeshuhudia kwa macho yangu mizigo yake ikishushwa. Nilipoketi kando ya dada anayeingiza taarifa, niliona alichokuwa akikiona yeye kila siku: katika orodha kunjuzi ya mialo, ile inayofunguka ukibofya kisanduku chake, kulikuwa na mistari miwili iliyofuatana, yote ikisomeka "Kisiwa cha Uk" na kuishia hapo. Wa juu ulikuwa Kisiwa cha Ukara, Bwisya. Wa chini ulikuwa Kisiwa cha Ukerewe, Nansio. "Kaka, kwangu yote ni mamoja, mimi huchagua ule wa chini," aliniambia, na sikuona sababu ya kumlaumu.

Kisanduku chenyewe nisingeweza kukirefusha, kwa kuwa pembeni yake kuna nafasi za kilo na bei. Kwa bahati njema, Access huruhusu orodha inayokunjuka iwe pana kuliko kisanduku chake, ingawa haiwezi kuwa nyembamba kuliko hicho kisanduku. Nikamuuliza kijana mmoja anayejulikana mtaani kwetu kwa ufundi wa kompyuta, naye akanijibu bila kusita: "Andika sita na tatu, kaka, hizo ni sentimita." Ushauri huo ulinipotezea siku mbili nzima pamoja na fedha za vifurushi vya intaneti, kama shilingi elfu kumi hivi, na mpaka leo unanikera, kwa sababu aliutoa kwa uhakika pasipo kuniuliza namba hizo nitaziandika wapi.

Yeye alikuwa amezoea kuziandika katika ukurasa wa sifa za kisanduku (Property Sheet), na huko alikuwa sahihi. Mimi nilihitaji kuziandika katika msimbo, yaani amri zinazoiendesha fomu, kwa kuwa orodha ile ile huonyesha mialo wakati wa kupokea mzigo na huonyesha wateja wakati wa kuuza, na upana wake lazima ubadilike papo hapo. Basi nikaandika upana wa safu, ColumnWidths = "0;6;3": sifuri ya kuficha namba ya mwalo, sita ya jina, tatu ya wilaya. Nikaongeza upana wa orodha nzima, ListWidth = 9, nikafungua fomu. Hapakutokea onyo lolote la kosa, lakini majina yote ya mialo yalikuwa yametoweka, na orodha ilikuwa imebaki na upana ule ule wa kisanduku. Nikabadili sita kuwa kumi, kisha ishirini, kisha sitini. Kwenye sitini palichomoza kipande chembamba cha herufi K kwa kila kisiwa, kama mtu achunguliaye mlangoni, na hapo ndipo nilipotambua kwamba namba zangu zilikuwa zikifanya kazi, ila kwa kipimo kidogo mno kuliko nilivyodhani.

Kipimo hicho huitwa twipu. Twipu moja ni sehemu ya ishirini ya pointi, zile pointi tunazopimia ukubwa wa herufi. Na kwa kuwa inchi moja ina pointi 72, inchi hiyo ina twipu 1,440, nayo sentimita moja ina takriban twipu 567. Katika msimbo, namba isiyoandikiwa kipimo huhesabiwa kuwa twipu. Katika ukurasa wa sifa, namba hiyo hiyo huchukuliwa kuwa sentimita au inchi, kutegemea mipangilio ya nchi iliyowekwa katika Windows. Kompyuta ya mhasibu wetu imewekwa kwa mtindo wa Marekani, hivyo sentimita zangu sita husomeka kwake kama inchi 2.3622. Angeandika "6" pale kwa kufuata ushauri ule, angepata zaidi ya sentimita 15.

Tangu hapo huandika kipimo waziwazi: ColumnWidths = "0;6 cm;3 cm". Kwa ListWidth nilitumia twipu: 3,402 za jina na 1,701 za wilaya, jumla 5,103, kisha nikaongeza 360, yaani robo ya inchi, kwa ajili ya upau wa kusogezea. Nyongeza hiyo msiisahau, la sivyo upau hukalia safu ya mwisho.

Swali la upana gani unatosha nililijibu kwanza kwa rula ya shule, nikiiweka juu ya kioo, na rula ikanidanganya. Sentimita sita za Access zilipungua kidogo kwenye kompyuta mpakato yangu, lakini kwenye kioo cha mezani cha inchi 18 na nusu zilikaribia saba, kwa sababu Windows huhesabu vitone, kwa kawaida 96 kwa kila inchi, bila kujali ukubwa halisi wa kioo. Njia iliyonifaa, nami najivunia kuigundua bila kuelekezwa, ni kutumia lebo. Katika mwonekano wa usanifu niliweka lebo yenye fonti na ukubwa ule ule wa orodha, nikaandika jina refu kuliko yote, nikabofya mara mbili kwenye kishikio cha ukingo wake ili ijibane kwenye maandishi, kisha nikasoma upana wake katika ukurasa wa sifa. Msihesabu herufi, kwa maana "Mw" hula nafasi kubwa kuliko "il" ya Ilemela.

Idadi ya mistari inayoonekana haihusiani na vipimo hivi. Access huanza na 16, nami niliweka 20.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Mimi na yule dada tulipitia stakabadhi zote za mwezi ule, tukahamisha mzigo mmoja baada ya mwingine kutoka Ukerewe kwenda Ukara, na orodha ikiwa wazi mbele yetu alisoma kwa sauti, "Bwisya," kabla ya kubofya kila mmoja.