Bendi nne kwa usiku mmoja, Ngome Kongwe

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye tamasha la Sauti za Busara, niliona bendi tisa kwa usiku mmoja na sikusikia hata moja. Nilikuwa na ratiba iliyokunjwa mfukoni, kalamu ya kuwekea alama, na imani ya mtu aliyevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwa nauli yake mwenyewe kwamba kila kilichoandikwa kwenye karatasi ile ni haki yake. Nilisimama mbele ya jukwaa kubwa kwa nyimbo mbili, nikapenya katikati ya watu kwenda jukwaa la pili, nikapiga picha, nikarudi. Ilipofika saa saba za usiku nilikuwa na picha mia moja na kitu za giza na visogo vya watu, ndara moja imekatika, na mama mdogo, ambaye ndiye mwenyeji wangu kule Michenzani, aliponiuliza ni wimbo gani ulionikaa moyoni, sikuweza kumwimbia hata ubeti mmoja.

"Mwanangu, wewe ulikwenda kusikiliza muziki au kuhesabu watu?" aliniuliza, kisha akaenda kulala.

Haya ninayoyaeleza ni ya mwaka uliofuata, nilipofanikiwa. Nasema nilifanikiwa ingawa kwa hesabu ya kalamu nilishuka kutoka bendi tisa hadi nne.

Kwa asiyelijua, tamasha hili hufanyika Mji Mkongwe wa Zanzibar kila mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, kabla mvua za masika hazijaingia. Lilianza mwaka 2004, na mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, jambo lililowafanya wengi wetu tutambue kwamba lilikuwa si la kudumu lenyewe kama kupwa na kujaa kwa maji. Sharti lake kubwa ni kwamba wanamuziki wapige laivu. Hakuna kupanda jukwaani na kufunguliwa wimbo uliorekodiwa huku mwimbaji akichezesha midomo. Sharti hilo ndilo linaloupa usiku sura yake, kwa kuwa kila bendi huja na ala zake, kila ala inahitaji kuunganishwa na kupimwa sauti, na katikati ya bendi moja na nyingine mafundi hukimbizana na nyaya kama wavuvi na jarife. Mtu asiyejua kungoja atauona muda huo kuwa umepotea. Mimi ndio ulionifunza kuwatazama wanamuziki kabla hawajajua kwamba wanatazamwa.

Mama mdogo alikubali kunifuata kwa masharti mawili: hatakimbia, na simu yangu itakaa ndani ya mkoba wake. Mchana wa siku ile alinilazimisha kulala, akaniamsha alasiri, na kwa pamoja tukaikunjua ratiba juu ya mkeka. Alikata majina kwa ukucha, bila huruma. Yakabaki manne: kundi la kidumbaki, kundi la taarabu, bendi ya dansi kutoka Bara, na vijana wa singeli. Lililoniuma lilikuwa jina la mpiga kora kutoka Afrika Magharibi, ambaye saa yake ilikaribiana na ya taarabu. Nilijaribu kumtetea kwa kueleza kwamba kora ina nyuzi ishirini na moja na kwamba sijapata kuiona ikipigwa. Mama mdogo akasema kanuni, ile ala ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya sabini, tena ni ya kwetu. Mjadala ukaishia hapo.

Kabla ya kuingia Mji Mkongwe tulipitia Darajani ili nichenji noti za elfu kumi ziwe za elfu moja na elfu mbili. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni kwa ajili ya vinywaji.

Kundi la kidumbaki lilipanda jioni, jua likiwa bado liko juu ya kuta za ngome. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake za mawe ya matumbawe zina tabia moja ambayo mwaka wa kwanza sikuigundua: hurudisha sauti nzito. Ukijibanza ukutani, besi hukufikia mara mbili na kuuvuruga wimbo. Ukisimama mbele kabisa, unasikia ngoma na magitaa ya jukwaani peke yake, na sauti ya mwimbaji inakupita juu ya kichwa. Safari hii tulikwenda kusimama ubavuni mwa meza ya fundi mitambo, kwa sababu yule ndiye anayepanga sauti zote kwa masikio yake mwenyewe, na kinachomfaa yeye pale alipo ndicho kitakachokufaa wewe uliye hatua mbili kutoka kwake. Katika yote niliyojifunza, hili ndilo lililonigharimu kidogo na kunifaa zaidi.

Kidumbaki ni ndugu wa taarabu asiyevaa suti. Kuna fidla moja, vigoma viwili vidogo vinavyoupa muziki huo jina, cherewa za kutikiswa, mkwasa wa kugonganishwa, na sanduku: kasha la mbao lililofungiwa fimbo na uzi mmoja, ambalo mpigaji hulivuta na kulilegeza hadi likatoa besi inayoweza kumwaibisha mtu aliyenunua gitaa dukani. Huu ni muziki wa harusi, na mwendo wake ni wa harusi. Nyimbo huungwa moja kwa nyingine bila kupumzika, na kasi hupandishwa kidogo kidogo hadi wachezaji wasiweze tena kujizuia. Mwaka uliotangulia nilisikiliza kundi kama hili kwa dakika sita, nikaandika moyoni kwamba linajirudia, nikaondoka. Sasa, baada ya nusu saa, niliona jinsi mpiga sanduku alivyokuwa akimtazama mpiga fidla kwa jicho la pembeni, na kila fidla ilipopindisha wimbo, yeye alikuwa amekwisha kuvuta uzi kabla sijajua kuna kona. Kule kujirudia nilikokulaumu ndiyo ngazi yenyewe ya kupandia.

Magharibi ilipoingia mama mdogo alikwenda kuswali, nami nikavuka barabara hadi bustani ya Forodhani kupanga foleni ya urojo na mishikaki. Tulikula karibu na kile kibanda cha bendi kilichomo bustanini, ambacho tulikuwa tumekubaliana kwamba ndicho pa kukutania iwapo tutapotezana, maana mbele ya jukwaa watu wote hufanana. Tulipokuwa tukinywa juisi ya miwa nikaisikia kora. Ilikuja juu ya ukuta wa ngome ikiwa nyembamba, imechanganyika na sauti za wauzaji na mawimbi, na kwa kweli sijui kama ningeisikia vizuri zaidi ndani, katikati ya watu walioinua simu. Mama mdogo alisikiliza kwa muda kisha akakiri kwamba ni nzuri. Akaongeza kwamba anayepiga lazima awe mtu mtulivu nyumbani kwake.

Taarabu ilipigwa kwenye ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe, ambako angalau mtu anaweza kukaa kitako. Udi, fidla kadhaa, akodiani, besi, ngoma, na mbele kabisa kanuni imelazwa juu ya mapaja ya mpigaji. Mpigaji alichukua muda mrefu kuikaza. Nyuzi zake hupangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kila uzi una kigingi chake, hivyo hewa ya bahari ikizilegeza anakuwa na kazi ya kurudia yote kwa subira huku watu elfu wakimtazama. Wageni kadhaa waliinuka wakaondoka wakati huo, na mimi niliwaelewa kabisa, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao mwaka uliopita. Kilichofuata kilikuwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu kisicho na mwimbaji, na hapo wakaondoka wengine. Hawakujua kwamba taarabu huwasha taa za sebuleni kwanza, ndipo ikamkaribisha mgeni wa heshima. Ni muziki uliozoea watu wasio na haraka. Inakumbukwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni ili aje kuwapigia jumbani, na jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga liko jirani kabisa na ngome hii, ingawa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na usiku ule lilikuwa kimya gizani.

Mwimbaji alipoingia, wanawake waliokuwa wamekaa kimya ngazini walianza kuteremka mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipojua kazi ya noti za Darajani. Mama mdogo alingoja hadi ubeti wa tatu. Mstari mmoja ulipomgusa, nao ulikuwa fumbo ambalo bila shaka lilikuwa na anwani yake huko mitaani, alichukua noti mkononi mwangu, akashuka kwa mwendo wa bibi harusi, akiipepea noti kwa kufuata mdundo, akamtunza mwimbaji, akazunguka, akarudi. Alipokaa alikuwa akitweta kidogo.

"Nani uliyemkusudia, mama mdogo?"

"Mwenyewe anajijua," akasema.

Niseme wazi kwamba mimi nilitunza mara moja tu na nilifanya vibaya. Nilishuka haraka kama mtu anayelipa deni, nikamkabidhi mwimbaji noti katikati ya neno. Alinishukuru kwa tabasamu la huruma. Kutunza ni sehemu ya wimbo, nayo ina mahali pake pa kuingilia, kama ala nyingine yoyote.

Bendi ya dansi ndiyo iliyokaribia kunirudisha kwenye ugonjwa wangu wa zamani. Ilianza saa nne na ushei kwenye jukwaa kubwa: magitaa matatu na besi, tumba, dramu, tarumbeta na saksafoni, na waimbaji wanne wenye mashati ya rangi moja. Ni mtindo wa bendi kama Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambayo kizazi cha baba yangu kilikwenda kuicheza wikiendi baada ya wikiendi. Wimbo ulianza polepole, ukaeleza kisa cha mtu aliyetelekezwa, ukaeleza tena, na baada ya dakika nne nikasikia shangwe kutoka kwenye ukumbi wa ngazi. Miguu yangu ikageuka yenyewe. Mama mdogo alinishika shati kwa nyuma kama unavyomshika mtoto kwenye gati.

"Unakimbilia wapi? Mwenyewe hajafika."

Kwa hiyo nikabaki, kwa adabu zaidi kuliko kwa hamu, na sekunde chache baadaye gitaa la solo likaachana na waimbaji, rithimu ikabadilika, tarumbeta zikajibu, na ikaingia chemko. Wanaoijua dansi hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba chemko ni ile sehemu ya mwisho ambako maneno hupungua na magitaa husukana, kila moja likipiga kijisehemu kidogo ambacho peke yake hakina maana, hadi uwanja mzima ukageuka mwendo mmoja. Masimulizi yote ya mwanzo yalikuwa kuni. Nilihesabu haraka nyimbo nilizoziacha mwaka uliopita katika dakika ya tatu au ya nne, na nikaona kwamba kwa usiku mzima nilikuwa nikiondoka kwenye kila bendi muda mfupi kabla haijafika ilikokuwa ikienda. Mzee mmoja wa makamo yake alimwomba mama mdogo kucheza, naye akacheza nyimbo mbili bila kuuachia ule mkoba wenye simu yangu.

Singeli ilianza baada ya saa sita, na haya yatakuwa mafupi kwa sababu yenyewe haisubiri mtu. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam hauna bashrafu wala kuni za kuchochea. Huanzia pale dansi inapoishia, kwa mwendo wa mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika. Ni chemko tupu. Vijana wawili walipokezana maneno, kinanda kikilia juu ya ngoma, na mimi niliruka hadi magoti yakaniuma, huku mama mdogo ameketi pembeni na pamba masikioni. Baada ya wimbo wa tatu alisema ameelewa, tuondoke. Sikubisha, kwani katika singeli nyimbo tatu zinatosha kwa haki kabisa.

Tulitoka langoni kukiwa na upepo wa bahari. Forodhani walikuwa wakifunga meza na kumwaga makaa. Karibu na kile kibanda cha bendi tulimkuta mpiga sanduku wa jioni, amekaa juu ya chombo chake, anakula mshikaki peke yake. Mama mdogo alimsalimia, akamwambia kwamba ile kona ya wimbo wa mwisho aliikata vizuri, akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. Nilikuwa nimebakiwa na noti moja ya elfu mbili. Yule bwana aliipokea kwa mikono miwili, akainuka, akaitumbukiza kwenye tundu la sanduku, kisha akavuta uzi mara moja ili tuisikie ikianguka.