Dafrao upande wa port

"Mjomba, port yake imekufa," aliniambia msichana wa gredi ya saba, akaiweka tableti juu ya meza yangu pale Mwembe Tayari, Mombasa. Mimi huita tundu la chaji. Nikawasha taa nikachungulia: uzi wa leso umejisokota humo ndani mpaka ukawa kitonge, na nyuma yake vijino vya shaba vimeota kutu ya kijani. Hiyo ndiyo kodi ya kukaa kisiwani, chumvi ya hewani haiachi kitu. Nikaanza kuchokoa kwa sindano, pole pole. Naye akajiweka kwenye stuli na kuniuliza: mbona mwalimu kawaambia port ni bandari?

Swali hilo lilinirudisha zaidi ya miaka ishirini nyuma, kwenye aibu ambayo sijapata kuiandika hapa.

Kabla sijawa fundi nilifanya ubaharia miezi minane, katika chombo kidogo kilichopelekea maji na vyakula meli zilizotia nanga nje. Kazi hiyo nilitafutiwa na ami yangu, mtu wa majahazi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani: port ni bandari, basi. Sasa jioni moja twaingia kufunga gati, gati liko kuliani kwetu, serahangi, mkuu wetu wa mabaharia, akapiga ukelele: "Dafrao! Port! Port!" Nikalinyanyua dafrao, lile tairi kuukuu la kukinga ubavu, na kamba yake, mbio mpaka upande wa gati. Bandari si ile pale? Kumbe tishari, chombo cha kubebea shehena, lilikuwa laja kutoka kushoto. Lilitukwangua ubavu kwa mlio ninaousikia mpaka leo, kama sufuria inayoburutwa juu ya saruji. Serahangi alinitazama, hata hakutukana. "Bandari umeiona wewe peke yako?"

Port ya baharia ni kushoto, ukiwa umeelekea omo, mbele ya chombo. Nilikuja kuijua sababu baadaye sana. Vyombo vya kale vya Ulaya Kaskazini vilikuwa na kasia la kuongozea ubavuni, upande wa kulia, na starboard maana yake ni huo huo upande wa kuongozea. Huwezi kulibana kasia lako kwenye gati ukalivunja, kwa hiyo chombo kikiegeshwa kwa kushoto, na upande wa kushoto ndio ukawa wa bandarini. Zamani Waingereza wakiuita larboard. Jaribu kutamka larboard na starboard kwa sauti kubwa katikati ya upepo, utaona balaa lenyewe. Mwaka 1844 wakuu wa jeshi lao la majini waliamuru larboard iachwe, iwe port. Mimi nilikosea na port yenyewe, sijui ningefanya nini na larboard.

Ami yangu nilipompa kisa hiki alicheka mpaka kahawa ikampalia. Majahazini, alisema, hatuna shida hiyo. Upande upepo unakotoka ni goshi, upande unakokwenda ni demani. Upepo ukigeuka, majina nayo yageuka, na ubavu uliokuwa goshi asubuhi wageuka demani jioni. Nimelifikiria sana jambo hili. Mwingereza alilipigilia jina lake kwenye mbao za chombo, sisi tukalifunga kwenye upepo. Kila mtu na bahari yake, lakini kwa meli yenye injini naungama kwamba wao wamepatia.

Hilo tundu la tableti, sasa, lina ukoo mwingine. Kilatini kilikuwa na portus, bandari, na porta, mlango. Ni ndugu wa shina moja la kale lenye maana ya kuvuka au kupita, ila kila mmoja aliolewa kwake. Kutoka kwa porta ukaja mlango, kisha madirisha yaliyotobolewa ubavuni mwa manowari ili mizinga itoe midomo, na leo ni pale unapochomeka waya. Kwa hiyo mwalimu hakukosea, wala mimi ninayeiita tundu sikukosea. Ni maneno mawili yaliyofunga gati moja, yakapakwa rangi moja.

Kuna la tatu, portare, kuchukua mzigo. Hili ndilo lililotuingilia majumbani bila hodi. Twajidai kwamba port tuliikataa, tukachukua bandari ya Waajemi, na kweli. Lakini ripoti ni habari iliyobebwa ikarudishwa. Sapoti ni kubeba kwa chini. Hata spoti imo, ni neno lililokatwa kichwa, asili yake ni kuubeba moyo mbali na shughuli. Na pasipoti inamrudisha yule wa kwanza, portus, yaani kupita bandari. Wapagazi wetu wa gatini hawajui kwamba Kilatini kizima kinawategemea migongoni.

Na Wareno, je? Nchi yao imepata jina kwa Portus Cale, bandari iliyokuwa mlangoni mwa mto Douro. Mji wa Porto uko pale pale, na mvinyo mtamu uitwao port uliitwa kwa mji huo, ndiko ulikoanzia safari ya ng'ambo. Watu wenye bandari katika jina la nchi yao wakaja wakaitaka yetu, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Sisi katika kuwapa jina tukaiacha port nje kabisa, tukashika reino, ufalme, tukasema Ureno. Mvinyo tukauchukua jina kwao, mambo mengine Mungu ndiye ajuaye.

Lakini nilipendalo kuliko yote ni opportunity, fursa. Warumi walisema opportunus kwa upepo unaovuma kuelekea bandarini. Mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa. Karne ngapi mji huu umekula kwa kaskazi iliyoleta majahazi ya Uarabuni na Uajemi, na kusi iliyoyarudisha? Fursa ilikuwa na miezi yake. Ukichelewa kupakia, utakaa hapa ungoje mwaka ugeuke.

Siku hizi jioni hupenda kuketi ufukweni pale Mama Ngina na mihogo yangu ya pilipili, nikitazama meli za bandari ya Kilindini zikipita mkondo wa Likoni. Usiku kila meli ina taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Ukiwa huku kisiwani, inayoingia hukupa kijani, inayotoka hukupa nyekundu. Kila nionapo nyekundu ikipita taratibu kuelekea bahari kuu, mkono huniwasha kutafuta tairi.

Tableti ilishika chaji. Nilimtoza mia mbili, akasema mamake ataka risiti. Nikaandika tarehe, nikaandika "kusafisha", kalamu ikasita kidogo, nikamalizia "tundu la chaji".

Akaisoma, akaikunja. "Mjomba, si ungeandika tu port?"