Witu haimo kwenye orodha

Januari 2026 kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10. Hapa Lamu, katika shule ninayofundisha, waliochagua Historia na Uraia wametosha darasa moja. Waliokwenda mkondo wa sayansi wengi wao hawatasoma tena historia ya nchi yao mpaka wamalize sekondari. Siwalaumu, wazazi wanatazama ajira. Ila kwa kuwa wanaobaki ni wachache, ndiyo sababu nashikilia kwamba hicho wanachosomeshwa kiwe kweli, na kiwe chao.

Nimefundisha Historia na Serikali ya 8-4-4, mfumo uliotangulia huu wa Umilisi, kwa miaka mingi. Mada ya jinsi Waafrika walivyoupokea ukoloni naijua kwa ghibu: Wanandi, Wagiriama, Wabukusu na Wasomali walipigana, Wamaasai na Wawanga walishirikiana na Waingereza. Mtoto wa Lamu huikariri orodha hiyo akafaulu mtihani, na Witu, iliyo ndani ya kaunti yake mwenyewe, haimo.

Na Witu si jambo dogo. Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Wanabahani waliotawala kisiwa cha Pate, aliyeitwa Simba, alikataa kutawaliwa na Zanzibar akahamia bara, akajenga utawala wake msituni. Mwaka 1885 alitia saini na Wajerumani wapate kumlinda. Mwaka 1890 Wajerumani wakaikabidhi Witu kwa Waingereza katika mkataba uleule uliohusu kisiwa cha Heligoland, bila mtu wa Witu kuulizwa. Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba kikosi cha Admeri Fremantle wa Uingereza kikaja kikauteketeza mji. Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, na watu wake wakaingia msituni.

Kinachonigusa zaidi, lakini, ni nani waliokuwa watu wake. Sehemu kubwa walikuwa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya Lamu, Malindi na kwingineko pwani. Simba aliwapokea, wakalima, wakashika bunduki.

Hapo ndipo somo linapokuwa gumu, na ndipo ninapotaka waandishi wa mtaala wasimame wasiruke. Biashara ya utumwa tumezoea kuifundisha kama jambo la safari: misafara kutoka bara, jahazi kwenda Arabuni, Wafaransa kuchukua watu wa mashamba ya miwa Mauritius na Réunion. Mtumwa hupita pwani akaenda zake. Lakini wengi hawakwenda popote. Kila mwanafunzi anajua kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na ile nguzo wanaijua kwa picha. Nikiwauliza kuhusu Malindi ya 1861, kimya. Wakati huo mji ulikuwa magofu, na Sultani Majid wa Zanzibar akaufufua kwa kupeleka walowezi, askari na watumwa. Katika miaka michache Malindi ikawa inasafirisha mtama na ufuta kwa wingi. Mtama huo ulilimwa na watu, na watu hao walikuwa na majina.

Mwaka jana, tukitazama picha za nyumba za mawe za mji wetu, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, hawa mabwana walikula nini, na kisiwa chenyewe hakina mashamba ya kutosha?" Nilifurahi mno. Jibu liko ng'ambo, kwenye mashamba ya bara, na kwa waliokuwa wakiyalima.

Wiki hiyo mama mmoja alinifuata nyumbani. Alikaa, akanywa chai, kisha akasema, "Mwalimu, nakuomba kwa heshima, mwanangu asije akaulizwa babu zake walikuwa nani." Nikamwambia, "Mama, kwangu haulizwi mtu kwao." Na ndivyo ninavyofanya. Silabasi mpya inapenda sana mtoto atafiti ukoo wake, na katika mada nyingine ni zuri. Katika hii nalipinga kwa nguvu zangu zote. Kuna posa zimevunjika katika miji yetu kwa sababu ya maswali hayo. Wanafunzi wapewe hati, ramani na sheria wazichambue. Nasaba za majirani ziachwe.

Sheria zenyewe zinatosha kuwashughulisha muhula mzima. Sheria ya 1907 iliondoa hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya, na ikawaruhusu mabwana kudai fidia. Walioachwa huru hawakutengewa ardhi. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye kudai shamba alete ushahidi aandikishwe. Aliyekuwa mtumwa jana angeleta ushahidi gani? Akabaki kulima kwa hisani ya mwenye hati, na watoto wake vivyo hivyo. Ukitaka kumweleza kijana wa Gredi ya 11 kwa nini pwani ina maskwota wengi hivi leo, mpe sheria hizo mbili azisome pamoja. Mimi sijui njia iliyo wazi kuliko hiyo, na sioni kwa nini mtoto wa Nyeri au Turkana asiisome pia, kwa kuwa suala la ardhi ni la nchi nzima.

Wazee wengine wananiambia tusifukue yaliyozikwa. Nawaheshimu, lakini watoto wanayasikia tayari, kwa minong'ono na kwa matusi ya uwanja wa mpira. Afadhali wayasikie darasani, kwa ushahidi na kwa adabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa KICD, taasisi inayoandaa mitaala, ni hili. Witu iingie kwenye mada ya upinzani, na watoro watajwe humo kama wapiganaji. Utumwa wa mashamba ya pwani upewe mada yake, mpaka ufike 1908. Na nakala za hati hizo zipelekwe shuleni pamoja na vitabu, kwa sababu mwalimu wa Faza hana nauli ya kuzifuata Nairobi kwenye hifadhi ya nyaraka.