Futi ya sista

Sista alinipima tumbo kwa ile futi kama ya fundi cherehani, toka kinenani mpaka juu pale mfuko wa uzazi unapoishia, akanyamaza, akapima tena. Sentimita 28 na mimi nilikuwa wiki ya 33 ya mimba. Akaniambia kuanzia kama wiki ya 24 sentimita zinatakiwa zikaribiane na wiki, ikipungua moja mbili sio shida, lakini tano hapana. Na mimi hapa Busia nilikuwa natembea najisifia tumbo dogo, majirani wananiambia ya kwanza huwa haionekani!

Akauliza, mama, mtoto anacheza? Nikakosa jibu. Zamani nikinywa chai tu anarusha mateke, lakini tangu juzi alikuwa ametulia na mimi nikafikiri amelala.

Presha iko juu, 150 kwa 100. Skeni ikaonyesha mtoto mdogo na maji kidogo, daktari akasema kondo la nyuma limeshindwa kazi. Hilo kondo ndilo linalomtolea mtoto hewa na chakula kwenye damu ya mama, likizidiwa mtoto anaanza kubana matumizi, damu inapelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo, mwili unakonda, na ukichelewa anaweza kufia tumboni. Presha inaleta hali hiyo, sukari, sigara, na huku kwetu malaria, maana vijidudu vinajificha ndani ya kondo na mama asisikie hata homa. Fansidar, dawa ya kukinga malaria, unapewa kliniki unameza palepale, mimi niliruka kliniki miezi miwili kwa sababu ya biashara sokoni. Hilo bado linaniuma.

Nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, siku ya nne mapigo ya moyo wake yakaanza kushuka, wakanikimbiza tieta kupasuliwa. Alitoka na kilo 1.6, ngozi ya mapaja imelegea kama nguo ya kuazima. Kondo nalo nilionyeshwa baadaye, dogo, lina mabaka meupe magumu.

Kumbe kuzaliwa sio mwisho. Mtoto wa hivi hana akiba ya mafuta, kwa hiyo anapata baridi haraka na sukari inashuka, walikuwa wanamtoboa kisigino kila mara kupima na mimi nalia kuliko yeye. Akawa manjano pia. Kunyonya hana nguvu, nakamua maziwa anapewa kwa mpira wa puani. Kilichomwokoa ni joto la kifuani, ngozi kwa ngozi, kitenge juu, mchana mimi usiku mama mkwe, yule mama hakulala wiki nzima Mungu ambariki.

Sasa wifi yangu ana mimba ya miezi saba. Jana kaja akasema leo mtoto kanyamaza nyamaza. Nikamwambia lala ubavu, weka mkono hapo, tuhesabu, na boda nikaiita kabisa isubiri nje. Hata nusu saa haikuisha, kateke ka kwanza, ka pili, tukafika kumi. Tukapanda boda vilevile tukaenda kupimwa.