Kopo la mchanga, wiki ya sita: bati lilinidanganya

Wiki hii sikurekodi kitu. Nimerudi kwenye rekodi za zamani, na nashukuru nimerudi.

Kwa anayeanzia hapa: kopo la bati lina mchanga mkavu uliochekechwa, limeinamishwa karibu na nyuzi ambazo mchanga huanza kuporomoka. Ubavuni nimebandika kisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme wa kurekodi. Gololi huangushwa kutoka kimo kilekile, hugonga kopo mara moja tu, kisha nasikiliza. Mchanga haunyamazi papo hapo. Milio hufuatana mbiombio, halafu mmojammoja, na wa mwisho huweza kuja nikiwa nimeshanyoosha mkono kuzima.

Swali langu ni kama milio hiyo inaitana. Ikiwa hakuna mlio unaomhusu mwenzake, na kasi ya milio haibadiliki, basi mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa vipindi kati yake hulingana na wastani: uwiano ni 1. Mimi nilipata zaidi ya 1, nikaamini nimeona makundi.

Nilipolikuza wimbi ndipo nikaelewa. Punje ikigonga bati, bati lenyewe huendelea kulia, na programu yangu ilihesabu kila kilele kilichovuka kizingiti. Sasa baada ya kila mlio inaziba masikio kwa milisekunde 10. Dawa hii nayo ina madhara, kwa kuwa vipindi vifupi kuliko hapo hupotea na uwiano huvutwa chini, kwa hiyo narudia hesabu kwa 5 na 20.

Uwiano umeshuka, lakini bado uko juu ya 1. Hilo pekee halithibitishi kitu: hata milio isiyojuana, kasi yake ikipungua, hutoa uwiano huo ukivitia vipindi vyote kapu moja. Basi nimeipanga kwa muda tangu gololi igonge. Mwaka 1894 Fusakichi Omori, mtaalamu wa matetemeko wa Japani, alionyesha kwamba mitetemeko inayofuata tetemeko kubwa hupungua takriban kwa kinyume cha muda uliopita. Kwenye grafu ya logi pande zote mbili (kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia), huo ni mstari unaoteremka kwa mteremko wa 1. Wangu umenyooka katikati, ila mwanzoni umelala, pale milio inaposongamana na masikio yamezibwa. Wapima matetemeko wana shida hiyohiyo: midogo humezwa na mtikisiko wa mkubwa.

Kinachofuata ni kuzidisha kila kipindi kwa kasi ya wakati wake, kisha kupima uwiano upya. Ukibaki juu ya 1 hata hapo, punje zinaamshana.