Watoto wa Ukutani: Macho ya Bibi na Kazi ya Ubongo

Bibi yangu alikaa karibu mwaka mzima na siri moja. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kulipofua jicho lake la kushoto na kuliachia la kulia mwanga hafifu tu, hata akawa ananitambua kwa sauti na si kwa sura. Jioni moja, tukiwa jamvini tunakula, aliivuta sahani yake taratibu hadi karibu na kifua, kama mtu anayempisha mwingine akae. Nilipomuuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Usimwambie mtu, mjukuu wangu. Kuna watoto wamejipanga pale ukutani, wamevaa nguo za rangi nzuri. Hawasemi kitu. Najua hawapo, lakini nawaona."

Maneno hayo, "najua hawapo", ndiyo yaliyonizuia nisikimbilie kudhani kwamba amepandwa na jini au ameanza kurukwa na akili. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekuwa anakaribia miaka 90 na ambaye mtoto wa jicho alikuwa amempunguzia uwezo wa kuona. Mzee huyo aliona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi na majengo ambayo hayakuwapo, huku akili yake ikiwa timamu kabisa. Leo hali hiyo huitwa kwa jina la Bonnet, na huwapata watu wengi waliopoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona.

Chanzo chake kimo katika namna tunavyoona. Jicho hupokea mwanga na kupeleka ishara kwa njia ya neva hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, na huko ndiko picha inakojengwa. Ishara zinapopungua, seli za sehemu hiyo hazilali. Huwa nyepesi kusisimka, zikaanza kufanya kazi zenyewe bila kupokea chochote kutoka nje, na ubongo ukaipokea kazi hiyo kama kitu kilichoonwa kweli. Mwaka 1998 mtafiti Dominic ffytche na wenzake wa London waliwapima wagonjwa wa aina hii kwa mashine ya MRI, inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi, wakati maruweruwe yenyewe yakiwatokea. Aliyeona rangi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia rangi ndiyo iliyochangamka. Aliyeona nyuso, ilichangamka ile inayotambua nyuso. Niliposoma hayo nilimkumbuka Bibi na zile nguo za rangi nzuri, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakuwa akitunga wala kuota, kwa kuwa ndani ya kichwa chake kuona kulikuwa kunafanyika kwelikweli.

Si kila maruweruwe yana chanzo hicho. Mgonjwa wa skizofrenia, ambao ni ugonjwa mmojawapo wa akili, husikia sauti zaidi kuliko kuona vitu, na maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba ubongo wake hushindwa kuyatambua maneno yake ya ndani kuwa ni yake mwenyewe. Malaria iliyopanda kichwani, kuacha pombe ghafla baada ya kunywa sana kwa muda mrefu, na hata baadhi ya dawa huweza kumfanya mtu aone au asikie yasiyokuwapo. Mzee akianza ghafla kuweweseka, asijue yuko wapi wala ni saa ngapi, hilo ni jambo la kuwahishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kinachoniuma ni ule mwaka mmoja wa kimya. Bibi alikuwa amekwenda kliniki ya macho mara kadhaa. Alipimwa presha, akapewa matone, na hakuna aliyemuuliza kama anaona vitu visivyokuwapo. Naye hakuthubutu kusema, kwa kuogopa kuitwa mwendawazimu au mchawi. Safari iliyofuata niliingia naye chumbani kwa daktari, nikaieleza hali yake mimi mwenyewe. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba hana dawa ya uhakika ya jambo hilo ila kwa wengi hupungua kadiri muda unavyopita, kisha akamshauri aongeze mwanga chumbani, na akiwaona apepese macho au ayahamishe haraka huku na huku.

Jioni ile tuliwasha taa mapema. Bibi aliuelekea ukuta, akayahamisha macho kulia na kushoto mara kadhaa, akatulia. "Wameondoka," akasema, kisha akaisogeza sahani yake mbele, mahali pake pa zamani.